Kukipa Kioo Kisogo

Kwenye harusi na matanga ya ukoo wetu kuna swali nimelizoea: "Siku hizi uko wapi?" Anayeuliza hataki kujua mtaa, anataka kujua mwajiri. Nikisema naandika, anangoja nitaje gazeti. Nikisema nafundisha watu mazoezi, jioni nne kwa wiki, kwenye holi la mtaa huku Eastlands, macho yanashuka mpaka tumboni kwangu kuhakikisha, halafu linafuata la pili: "Na chuo je?"

Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilipogoma. Nilikuwa nasoma historia. Mihadhara iliisha lakini ile tabia ya kuuliza kitu kimetoka wapi haikuniacha, na kwa sababu kitu ninachokifanya siku hizi ni kusimama mbele ya watu thelathini nikihesabu mpaka nane, nimekuwa nikikiuliza hicho. Nani aliamua kwamba hii ni kazi? Kwamba mtu anaweza kuamka asubuhi akiwa na shughuli moja tu mkononi, kuwafanya watu wasiojuana wainue mguu mmoja kwa wakati mmoja, na akaitwa ticha?

Ukiuliza haraka haraka utatajiwa Jane Fonda. Sawa, tumtaje tumalizane naye. Fonda alivunjika mguu akiigiza filamu ya The China Syndrome, akashindwa kuendelea na baleti, akapelekwa kwenye darasa la mwalimu mmoja huko Los Angeles. Mwaka 1979 alifungua studio yake Beverly Hills, mwaka 1982 akatoa kanda ya vidio, na kanda hizo zikauzwa kwa mamilioni. Faida ya mwanzo ilikwenda kwenye shirika la kisiasa la mumewe, Tom Hayden, jambo ambalo wengi waliorukaruka mbele ya runinga zao hawakulijua. Lakini yule mwalimu aliyemfundisha anaitwa Leni Cazden. Dunia nzima ilimjua Fonda, na Cazden ilimpita hivi hivi. Ukifanya kazi kama yangu, jina la pili ndilo linalokukaa kichwani.

Kwangu historia ya kazi hii inaanzia mahali pengine: Evanston, mji ulio jirani na Chicago, mwaka 1969. Judi Sheppard Missett alikuwa mcheza dansi wa jazi, kijana wa miaka ishirini na kitu, akifundisha kwenye studio ya Gus Giordano. Alifundisha alivyofundishwa yeye, kwa ukali na kwa usahihi. Wanawake walikuja, wakaja tena, kisha wakapotea. Badala ya kusema ni wavivu, aliwauliza. Jibu lao lilikuwa rahisi: hawakuwa na mpango wa kupanda jukwaani. Walitaka kusikia muziki, watoke jasho, warudi nyumbani wakiwa na mwili unaofanana kidogo na wa mcheza dansi. Basi Missett akabadilisha darasa, na jambo moja alilofanya ni dogo sana kulisimulia. Aliwageuza wakipe kioo kisogo. Kwenye studio ya dansi kioo ni hakimu, kinakuonyesha kila kosa. Akakiondoa mbele yao, akasimama yeye hapo. Kwenye darasa la kwanza la namna hiyo walifika watu 15.

Wacha nieleze kwa nini hilo si dogo. Ukisimama ukiwatazama watu, mkono wako wa kulia uko upande wa kushoto wao. Ukitaka waende kushoto, unasema "kushoto" huku mwili wako ukienda kulia. Kila kitu unakifanya kinyume, kwa sauti, ukitabasamu, ukihema. Juu ya hapo kuna muziki, na muziki wa darasa huenda nane nane. Nane nne zikitimia, yaani mapigo 32, wimbo unapumua, na hapo ndipo unapobadilisha hatua. Lakini watu hawasomi akili yako, lazima uwaambie kabla. Kwa hivyo mapigo ya mwisho unayahesabu kwa kurudi nyuma, nne, tatu, mbili, na pale palipotakiwa kuwa na moja unataja hatua inayokuja. Ukichelewa kwa pigo moja, safu nzima inagongana. Wiki zangu za kwanza nilikuwa nikirudi kwa keja nimechoka kichwa kuliko miguu. Ukiwapa watu mgongo, ukawaacha waangalie kioo, kazi inakuwa nyepesi kwako na ngumu kwao. Missett alichagua ugumu uwe wake.

Mwaka 1972 alihamia kusini mwa California na kuanza kufundisha kwenye vituo vya burudani vya miji ya huko, madarasa mengi kwa siku, bila maikrofoni. Miaka miwili baadaye mtindo wake ulipata jina, Jazzercise, lililotungwa na mwanafunzi wake mmoja. Mwaka 1977 sauti ilimkataa kabisa, madaktari wakamwonya. Ilibidi afanye alichokuwa hajakifikiria: achague wanafunzi watano awafundishe kufundisha. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, kazi hii ilizaliwa kama kazi, siku mtu mmoja aliposhindwa kuwa kila mahali.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Eneo la San Diego limejaa kambi za jeshi, na wengi waliohudhuria madarasa yake walikuwa wake za wanajeshi. Mwanajeshi huhamishwa bila kuulizwa, na mkewe huhama naye. Kila aliyehama akiwa amefunzwa alifika mji mpya asikojua mtu, akatafuta ukumbi wa kanisa au wa shule, akabandika tangazo, akaanza kuhesabu mpaka nane. Darasa likamletea marafiki kabla hajafungua masanduku. Missett alirekodi hatua mpya kwenye kanda za vidio akawatumia walimu wake kwa posta. Mapema miaka ya 1980 watu wa kodi walimbana aamue kama walimu hao ni waajiriwa wake au la, akawafanya wamiliki wa biashara zao wenyewe wanaolipia jina na mafunzo. Maelfu ya wanawake ambao kwenye fomu za serikali walikuwa hawaandiki chochote pale kwenye kazi, sasa walikuwa na cha kuandika.

Na hakuwa peke yake. Mwaka huo huo wa 1969, Jacki Sorensen alikuwa Puerto Rico kwenye kambi ya jeshi la anga alikopelekwa mumewe. Aliombwa atayarishe kipindi cha mazoezi cha runinga kwa ajili ya wake za wanajeshi. Kujiandaa, alisoma kitabu cha Kenneth Cooper, daktari wa jeshi hilo hilo, kilichotoka 1968 na ambacho ndicho kilichosambaza neno erobiki. Cooper alikuwa na mtihani wa kukimbia dakika 12. Sorensen hakuwa mkimbiaji, lakini alifanya vizuri, akajua ni dansi iliyomjengea moyo na mapafu. Akaunganisha vitu hivyo viwili. Mumewe alipohamishwa tena alianza madarasa New Jersey, na nchi nzima ikafuata.

Naona hilo la kuhama si bahati tu. Mwalimu aliyeanzisha darasa letu alikuwa jamaa aliyefanya kazi ya jimu mjini. Alipopata kazi Doha alikuwa na wiki mbili za kujipanga. Mimi nilikuwa kijana wa spika: nabeba, nachomeka, nabadilisha wimbo, nalipwa mia mbili. Aliniachia flashi ya nyimbo na maneno mawili: "Usinyamaze." Kila mtu kwenye lile holi ametoka mahali. Kuna mama wa mitumba aliyetoka Busia, dada wa saluni wa Machakos, fundi cherehani mstaafu aliyezaliwa hapa hapa lakini nyumba ya wazazi wake ikabomolewa, mlinzi wa usiku anayefanya mazoezi na sare yake imekunjwa kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu saa moja na nusu lazima awe getini. Nairobi ni kambi kubwa ya watu waliohamishwa na kazi, au na kuikosa. Jirani unamjua kwa viatu vyake mlangoni.

Lakini nisiifanye hadithi kuwa tamu kupita kiasi. Mwendo wa pamoja una ukoo mwingine, na huo ukoo unavaa buti.

Mwaka 1811, Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi Hasenheide, nje ya Berlin. Prussia ilikuwa imechapwa na Napoleon miaka mitano kabla, na Jahn alitaka vijana wenye miili ya kulipiza. Miaka michache baadaye watawala wenyewe walimwogopa, wakamkamata mwaka 1819 na kupiga marufuku viwanja vyake. Kule Stockholm, Per Henrik Ling alifungua chuo chake mwaka 1813, na mtindo wake ulikuwa wa utaratibu: safu zilizonyooka, amri, mikono juu, mikono chini, kila kiungo na zoezi lake. Huo wa Ling ndio uliofika shule za Uingereza, na kupitia huko ukaja kwetu kwa jina la drili. Ukiwa umesoma shule ya msingi Kenya unaijua hata kama hujui unaijua. Ni kile kipindi cha P.E. kilichokuwa kwenye ratiba na ambacho mwalimu wa hesabu alikuwa akikichukua.

Hata kwenye ukoo huo wa amri, kuna mtu aliyepata mwanya. Martina Bergman alisoma kwenye chuo cha Ling, akaajiriwa na bodi ya shule za London mwaka 1881. Mwaka 1885 alifungua chuo chake mwenyewe Hampstead, baadaye akakihamishia Dartford, cha kuwafunza wanawake kuwa walimu wa mazoezi. Fikiria wakati huo. Msichana wa tabaka la kati Uingereza alikuwa na njia chache mno za kujilisha bila kuolewa. Bergman aliwapa cheti na mshahara. Alikuwa na mawazo mengine ambayo leo hayalali vizuri tumboni, kuhusu kujenga kizazi bora cha Waingereza, lakini kazi aliijenga. Mwanafunzi wake mmoja, Mary Tait, ndiye anayesifiwa kubuni gauni lisilo na mikono la kufanyia mazoezi. Uliza mama yako alivaa nini shuleni. Tuniki ile ni jamaa ya gauni hilo.

Kwa nini kusogea pamoja kunafanya watu wapendane, hata kama aliyewasogeza ni sajini? Mwanahistoria William McNeill alilijibu swali hilo akiwa na umri wa kutosha kusahau, lakini hakusahau. Aliandikishwa jeshini mwaka 1941, akapelekwa Texas. Silaha za kufanyia mazoezi zilikuwa haba, kwa hivyo walipigishwa gwaride saa baada ya saa juani. Kazi ya kijinga, na McNeill alijua ni ya kijinga. Ila alikumbuka kwamba aliipenda. Alihisi kama mwili wake umevimba, umekuwa mkubwa kuliko yeye. Mwaka 1995 akaandika kitabu kizima juu ya hilo, Keeping Together in Time, akasema kwamba kupiga hatua pamoja kwa muda mrefu hujenga mshikamano unaopitia kwenye misuli kabla haujafika akilini. Majeshi yalilitumia. Dini zililitumia. Wanasiasa wabaya kabisa walilitumia. Misuli haichagui nani anayehesabu.

Mimi nimeona hilo nikaliogopa kidogo. Kuna jioni nyimbo zinakubali, watu thelathini wanatua kwa mguu mmoja na sakafu ya mbao inajibu, na unajua kwamba ukiwaambia chochote wakati huo watafanya. Nikawa nataka kujua kama kuna mtu aliyewahi kuchukua gwaride la wakubwa akaligeuza liwe la watu.

Jibu liko pwani. Mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa miji ya Waswahili waliziona bendi za matarumbeta za wakoloni na za wamisheni, wakaona magwaride, wakayachukua. Ngoma waliyoitengeneza ikaitwa beni, kutokana na neno bendi. Mombasa kulikuwa na pande mbili zinazoshindana, Kingi na Scotchi, na hawa wa pili walivaa marinda ya Kiskoti. Kulikuwa na majenerali, madaktari, wafalme, vyeo vyote ambavyo serikali haikuwapa wakajipa. Vita vya kwanza vya dunia vikawasomba askari na wapagazi, wale wa Carrier Corps ambao jina lao limebaki kwenye mtaa wetu wa Kariokor, na beni ikasafiri nao mpaka Tanganyika na mbali zaidi. Terence Ranger, aliyeandika historia yake mwaka 1975, anaonyesha kitu ambacho mtazamaji wa pembeni asingekiona: mtu akifika mji mgeni, chama cha beni kilimpokea. Akiugua kilimchangia. Akifa kilimzika. Maafisa wa kikoloni waliona watu wazima wakicheza uaskari, wengine wakacheka, wengine wakaingiwa na wasiwasi. Wenye wasiwasi ndio walioona vizuri. Mwaka 1935, wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini walipogoma, uchunguzi wa serikali uliuliza maswali mengi kuhusu chama cha ngoma hiyo, mbeni kama ilivyoitwa huko.

Wanawake wa Mombasa walikuwa na lelemama. Hii siyo ngoma ya kurukaruka. Wanawake hukaa safu moja, wamevaa sare, na mwendo wake ni wa mikono na kichwa, mdogo, wa pole pole, na mzuri zaidi ukiwa wa wote. Kwenye darasa langu ningeiita zoezi la ustahimilivu. Vyama vikubwa vya katikati ya karne iliyopita vilikuwa Ibinaal Watan na Banu Saada, na ushindani wao haukuwa wa mchezo: nyimbo za mafumbo za kuchambana, karamu za kufilisi, nani kamzidi nani kwa leso. Kulikuwa na vyeo, na viongozi waliotiiwa. Margaret Strobel, aliyewahoji wanawake wa Mombasa miaka ya 1970, anaeleza kwamba humo ndani walikaa pamoja wazao wa waungwana na wazao wa watumwa, watu ambao nje ya ngoma wasingekaa mkeka mmoja kirahisi. Wanaume walilalamika, hasa juu ya gharama. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1950, pale wanawake Waislamu wa Mombasa walipoanza kuunda jumuiya za kushughulikia elimu ya wasichana na kudai nafasi zao mjini, waliojua kukusanya pesa, kuitisha mkutano, kugawa kazi na kumnyamazisha mbishi walikuwa tayari wapo. Walikuwa wamejifunza kwenye safu.

Hilo sikufundishwa chuoni. Silaumu, pengine lilikuwa mwaka wa nne.

Wakati mwingine watu huniambia, "Si mnafanya Zumba tu?" Zumba ni ya Beto Pérez wa Cali, Colombia. Anasimulia kwamba siku moja alisahau kanda zake za erobiki, akatumia kanda za salsa na merenge alizokuwa nazo, na darasa likanoga kuliko kawaida. Mwaka 2001 alianzisha kampuni Miami pamoja na wenzake wawili, na leo mwalimu hulipia leseni ndipo atumie jina hilo. Mtaani kwetu kila darasa lenye spika linaitwa Zumba, kama vile kila sabuni ya unga inavyoitwa Omo. Sisi hatuna leseni, kwa hivyo kibao chetu kinasema "Mazoezi na Muziki, Sh100." Nyimbo ni rumba ya zamani mwanzoni, gengetone katikati, na mwisho benga, kwa sababu fundi cherehani alikataa katakata kunyoosha misuli kwa kitu kingine.

Kwa viwango vya mtandaoni darasa letu ni bovu. Hakuna aliyepungua kilo kumi. Mimi mwenyewe siwezi kuwekwa kwenye bango. Lakini mwaka jana, Jumatano moja, tulikuwa katikati ya skwoti wakati dada wa saluni aliponyoosha kidole kwenye safu ya pili karibu na dirisha, akauliza kwa sauti juu ya muziki: "Mathe yuko wapi?" Palikuwa na pengo. Mama wa mitumba hakuwa amekuja Jumatatu pia. Nikazima spika. Simu yake haikuingia. Hakuna aliyejua nyumba, ila mlinzi alijua ploti kwa sababu hupita hapo alfajiri. Wanne walikwenda, wengine tukabaki tumekaa kwenye mikeka kama watu wa mkutano. Walimkuta ndani, presha imepanda, mdomo umevutwa upande mmoja. Walimbeba na bodaboda mbili, mmoja mbele mmoja nyuma, mpaka hospitali. Alipona kiasi. Mkono wa kushoto bado mzito. Sasa anakuja, anakaa kwenye kiti cha plastiki pale pale dirishani, na ninapohesabu anainua wa kulia kwa nane nzima na wa kushoto anapofika. Safu ya pili imejifunza kumsubiri.

Siku hiyo nilielewa nafasi ya watu kusimama mahali pamoja kila jioni. Nilikuwa nimeiona kama ukaidi tu, jinsi wanavyogombana ukisimama kwenye sehemu yao. Ni rejista. Hakuna anayeiita, lakini pengo linaonekana. Na nadhani Missett, kwa kuwageuza watu wasiangalie kioo, aliwapa kitu ambacho hata yeye huenda hakukipanga: macho yakiacha kujitazama yanapata nafasi ya kuona wa kando.

Baada ya hapo mambo yalijipanga haraka. Michango ya hospitali ilizaa kundi la simu. Kundi likazaa merry-go-round ya mia mbili kwa wiki. Mlinzi akafiwa na babake, tukapanda matatu ya kukodi mpaka Kakamega, na njiani mtu akahesabu nne, tatu, mbili, gari zima likainua mikono juu. Dereva alituona wazimu.

Kisha likaja suala la holi. Anayesimamia alituambia kuna watu wanataka saa yetu ya jioni, wanalipa mara tatu, na kwamba siku hizi nafasi inapewa kikundi chenye cheti, si mtu binafsi na spika yake. Zamani ningebeba spika nikaenda kutafuta ukumbi mwingine. Nilikuwa hata nimeanza kuuliza kanisani. Mama wa mitumba ndiye aliyekataa, akiwa pale pale kwenye kiti. Alisema maneno machache na kwa taabu, kwa hivyo kila mtu alinyamaza kumsikiliza. "Ticha, wewe hesabu. Hii tuachie."

Wakaenda kumwona msimamizi, watu kumi na wanane, wakiwa na raba miguuni. Hawakupiga kelele. Walitaka tu kujua cheti kinapatikana wapi na ndani ya muda gani, na wakamwomba aandike jibu lake kwenye karatasi. Akatupa miezi miwili.

Fomu ya usajili inataka majina ya wanachama wasiopungua kumi, katiba, kumbukumbu za mkutano wa kwanza na maafisa watatu. Majina yamefika thelathini na moja. Fundi cherehani ni mhazini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akitoa pesa. Dada wa saluni ni katibu. Mwenyekiti ni mama wa mitumba, amepita bila kupingwa. Mimi sina cheo. Nimepewa kazi ya kuandika katiba kwa sababu, nanukuu, nilienda university.

Kilichobaki ni sehemu mbili. Moja ni jina la kikundi, ambalo limetugawanya kama Kingi na Scotchi. Ya pili ni mstari mmoja mfupi unaouliza shughuli kuu ya kikundi ni nini. Mlinzi anataka niandike mazoezi. Katibu anasema niandike akiba na mikopo, ndiyo inayopita haraka. Mhazini anasema mazishi. Leo ni Alhamisi, darasa linaanza saa kumi na mbili, na fomu iko kwenye mfuko wa spika, chini ya waya.